Moshi wa Wenye Nchi: Tunajibu Barua Zenu Kuhusu Australia

SWALI: Sisi ni chama cha Wakongo na Warundi hapa Melbourne. Tunaandaa hafla ya Wiki ya Maridhiano, ile ya kuwapatanisha wenyeji wa Australia na wengine, na kina mama wetu ni wajuzi wa kufukiza udi. Je, tunaweza kuwasha wenyewe ule moshi wa majani ambao Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huwakaribishia na kuwatakasia watu, kwa kuwaheshimu?
Katibu wa chama, Melbourne

JIBU: Ndugu Katibu, udi wenu fukizeni kama kawaida, ila msiuite moshi wa Waaborijini. Huo huwashwa na wenye nchi, yaani ukoo ambao ardhi hiyo ni yao tangu asili, au kwa idhini yao. Hata Mwaborijini aliyehamia Melbourne kutoka jimbo jingine hawezi kuwakaribisha wageni kwenye ardhi isiyo ya ukoo wake. Ninyi mna nafasi yenu: kusimama mwanzoni na kuwataja wenye ardhi kwa heshima. Hilo hufanywa na yeyote, bila moto.

Mkiutaka moshi, kwanza jueni ukumbi uko wapi. Tangu Julai 2021 mpaka rasmi kati ya jamii mbili za Waaborijini, Wawurundjeri na Wabunurong, unapita katikati ya jiji: mtaa wa Richmond uko kwa Wawurundjeri, wa St Kilda uko kwa Wabunurong. Kila upande una shirika lake, na maombi hupelekwa huko. Wiki yenyewe ni 27 Mei hadi 3 Juni, wakati ambao kila shule na kila ofisi inamtafuta mzee yuleyule wa kuwasha moshi, basi ombeni miezi kadhaa kabla. Malipo yapo, wala si pesa ya soda: mnalipia ujuzi, muda, safari na kazi ya kuchuma majani.

SWALI: Nimeona kwenye picha majani yanafuka bila kuwaka. Wanafanyaje?
Msomaji, Njombe

JIBU: Siri ni makaa. Kuni kavu huwashwa mapema, ndani ya chombo cha chuma kilichoinuliwa juu ya matofali au mchanga, na huachwa hadi ndimi za moto zitulie. Ndipo matawi mabichi hulazwa juu, machache machache. Maji yaliyo ndani ya jani huzuia mwako, na mafuta yake hupanda na moshi mweupe mzito.

Anayeharakisha akaweka majani moto ukiwa bado unaruka, hupata mwali badala ya moshi, kwa sababu mafuta ya mkaratusi hushika moto upesi sana. Dawa yake ni majani mabichi zaidi au kunyunyizia maji kidogo. Kosa la pili ni kurundika: makaa hukosa hewa, yanazima, na mzee anabaki kupepea mbele ya watu. La tatu ni kuishiwa. Majani huisha haraka kuliko kuni, kwa hiyo yawe mengi na yawe yamechumwa karibuni. Wala usijazie pengo kwa maua ya bustani; oleanda ina sumu hata kwenye moshi wake.

Majani hutegemea mahali. Kwa Wawurundjeri utaona mkaratusi, mti uitwao cheri balati, na miwati, jamaa ya hiyo hiyo mnayoilima Njombe, iliyotoka Australia. Maeneo makavu ya bara hutumia kichaka cha eremofila. Wanakemia wa chuo kikuu cha New England, mjini Armidale, waligundua kwamba majani yake yakipashwa moto hutoa kemikali inayoua vijidudu, ambayo haimo kwenye jani bichi. Wenyewe hawakungoja maabara: moshi huo hufukiziwa watoto wachanga, na nyumba iliyofiwa.

Ndani ya jengo, kengele za moto zizimwe na msimamizi mwenyewe kabla, la sivyo mtapokea gari la zimamoto badala ya mgeni rasmi. Siku ya marufuku kamili ya moto, yaani serikali inapokataza moto wa nje kwa hofu ya moto wa msituni, uliza kibali mapema; kisipopatikana, makaribisho hufanyika kwa maneno na majani mkononi.

SWALI: Moshi unawezaje kupatanisha watu waliouana?
Msomaji, Tanga

JIBU: Peke yake hauwezi, na wanaofanya hivyo kwa picha tu wanajulikana. Tazama Myall Creek, New South Wales. Tarehe 10 Juni 1838 wachunga ng'ombe waliwachinja Waaborijini wa jamii ya Wawirrayaraay wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wauaji saba walinyongwa, jambo lililokuwa nadra sana enzi hizo. Kumbukumbu ilizinduliwa 10 Juni 2000, na waliosimama pamoja pale ni wazao wa waliouawa na wazao wa wauaji. Kila Juni watu hupita kwenye moshi, kisha hufuata njia yenye vibao vinavyosimulia mauaji, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye jiwe kubwa. Bila vibao vile, ningesema moshi umebaki kuwa pambo. Kitaifa hesabu ni ngumu zaidi: Waziri Mkuu wa wakati huo, Kevin Rudd, aliwaomba wenyeji radhi bungeni 13 Februari 2008, lakini Oktoba 2023 wapiga kura, karibu 60 kwa 100, walikataa kuwapa wenyeji chombo chao cha kulishauri Bunge.

SWALI: Mwanangu ana pumu. Apite?
Mama, Brisbane

JIBU: Dada, hakuna anayelazimishwa. Mwambie anayeongoza mapema, msimame upande upepo unakotokea, na inhela iwe mfukoni, si kwenye gari. Akitaka kushiriki, wengi humruhusu mtoto apitishe mkono tu pembeni mwa moshi.