Maswali na Majibu: Jiji la kimataifa hupimwa kwa nini hasa?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Chanika, kazi yangu iko Kariakoo. Kila siku tunaambiwa Dar es Salaam inaelekea kuwa jiji la kimataifa, na tunaonyeshwa Daraja la Tanzanite, maghorofa ya Posta na treni ya SGR. Kitaalamu ni vigezo gani vinavyotumika, na sisi tunakwama wapi? – Msomaji, Chanika

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Orodha za majiji zipo nyingi na kila moja inapima la kwake, ndiyo maana jiji linaweza kung'ara kwenye orodha moja na kupotea kwenye nyingine. Ile tunayoitumia sana sisi wa mipangomiji ilianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Haihesabu ghorofa. Inaangalia mabenki, mawakili, wakaguzi wa hesabu na kampuni za matangazo zimefungua ofisi miji gani, na ofisi hizo zinafanya kazi na nani ng'ambo. Kwa kipimo hicho Nairobi imetutangulia siku nyingi, na ghorofa jingine pale Posta halitaipunguzia Nairobi chochote.

Ila mwenye mzigo wala hasomi orodha hizo. Dar haishindani na London. Kwa shaba inayotoka upande wa Lubumbashi, kule Kongo, inashindana na bandari za Durban, Beira na Lobito. Mwenye shaba anauliza meli itasubiri nangani siku ngapi na lori litakwama mpakani Tunduma siku ngapi. Kwake bandari na reli vina uzito kuliko Daraja la Tanzanite. Daraja lenyewe ni zuri, nami hulipita kwa raha zangu, lakini limewafupishia safari watu wa Masaki na Oysterbay, si wewe.

Kigezo ninachokipa uzito mimi ni hiki: kwa nauli anayoimudu, mkazi anaweza kuzifikia ajira ngapi ndani ya saa moja? Faida ya jiji kubwa ni kwamba mwajiri anachagua katika watu wengi na mfanyakazi anachagua katika kazi nyingi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Lakini kama mtu wa Chanika hawezi kuomba kazi Mwenge kwa sababu ya foleni, tuna miji kadhaa ya wastani iliyobanana, kila mmoja na soko lake dogo la ajira. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake, ulipoanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, ulitupa ladha ya jiji moja. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni kabisa mwa Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikaanza kusimamisha mabasi. Uamuzi ule sijawahi kuuelewa.

Hata hivyo, mabasi hayafiki mahali pasipo na njia, na hapa ndipo tunapokwama zaidi. Angalia huko kwenu. Mwenye shamba anakata vipande vya 20 kwa 20 na kuacha uchochoro wa hatua tatu. Bajaji inapita. Zimamoto halipiti, gari la majitaka halipiti, na bomba la maji linapinda kila kona ya ukuta wa mtu. Asubuhi unalipa bodaboda kwanza ndipo ukapande daladala. Baadaye serikali ikitaka kupanua, inalipa fidia ukuta kwa ukuta au inabomoa, kama ilivyokuwa 2017 kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda Kiluvya.

New York ilichora barabara zake mwaka 1811, hadi mtaa wa 155, wakati ina watu kama laki moja tu waliojazana kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Kwingine kulikuwa mashamba. Maghorofa yalikuja miongo mingi baadaye na kukuta njia zimeshatengwa. Singapore nayo ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, zamani sana kabla ya hoteli za Marina Bay ambazo wanasiasa wetu hupenda kupigia picha.

Nasi tumewahi kujaribu. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Tuangoma na Buyuni, jirani zako kabisa. Barabara zilitengwa, lakini huduma zilichelewa na viwanja vingi vikachukuliwa na wenye hela wakaviacha vichaka. Pamoja na kasoro hizo, ukipeleka bomba au basi leo kwenye eneo lililopimwa, huvunji nyumba ya mtu.

Kwa hiyo zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, likifika mtaani kwenu, usikimbilie kulipia hati. Omba kwanza kuona mchoro wa mipangomiji na uangalie upana wa njia. Uchochoro wa mita 3 unakuwa wa mita 6 kila upande ukisogeza uzio mita moja na nusu, na magari mawili yatapishana, ingawa kwa kubanana. Lisemeni kwenye mkutano wa mtaa sasa, wakati nyua nyingi bado ni za michongoma, na mhakikishe bikoni, yaani alama za mipaka, zimewekwa kabla ya mtu kuleta tofali.