Maswali ya Wasomaji: Injini Mpya kwa Trekta Kuukuu ya Bustani

SWALI: Bwana Mhariri, nilirithi kwa marehemu baba trekta ndogo ya Wheel Horse C-120. Konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa bloku ya injini yake, Kohler K301 yenye nguvu za farasi 12. Fundi wangu wa jua kali mjini Nakuru ananishauri ninunue Honda GX390, kwani ina nguvu za farasi 13 na itaizidi ile ya zamani. Je, nimfuate?
Msomaji, Njoro

JIBU: Injini aliyoichagua fundi wako inafaa, lakini si kwa sababu aliyoitaja. Hiyo 13 ni hesabu ya zamani. Honda yenyewe sasa huiandikia GX390 nguvu za farasi 11.7 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, tena mjazo wake ni sentimita za ujazo 389 ilhali Kohler yako ina 476, hivyo usitarajie ivute jembe kwa mwendo wa chini kama ile ya chuma kizito ilivyovuta. Kukata nyasi itaweza bila taabu. Njoro nako kuko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu, kwa hiyo utakosa karibu robo nzima. Kohler nayo ilikuwa ikipoteza vivyo hivyo, jambo ambalo wanaolinganisha namba za vibandiko husahau. Kwa mwinuko huo kabureta hutakiwa kuwekwa jeti kuu (kile kipande kinachopitisha petroli) yenye tundu dogo zaidi, la sivyo petroli itazidi hewa, moshi mweusi utoke na plagi ishike masizi.

Kazi yenyewe iko kwenye shafti ya injini, ile inayobeba puli. Bahati nzuri, za injini zote mbili huzunguka kinyume cha saa ukizitazama upande wa puli. Kipenyo ndicho kinachosumbua: ya Kohler ni milimita 28.6, na ya Honda ni 25.4. Mpe fundi wa kukereza chuma akuchongee bushi (bomba fupi la kuziba nafasi kati ya shafti na puli) au puli mpya, wala usikubali kujaziwa vipande vya bati, maana puli inayoyumba hula mkanda na kuharibu mfereji wa ufunguo wa shafti. Pima pia urefu wa shafti kabla ya kulipa, kwa sababu ndiyo hubeba puli ya kuendesha trekta na, nje yake, klachi ya kikata nyasi. Dukani uliza kama injini ina giaboksi ya kupunguza mwendo. Ikiwa nayo, iache, kwani trekta itatambaa. Matundu ya boliti hayatalingana, lakini bamba nene la chuma litamaliza hilo.

SWALI: Nilinunua Eldoret trekta ya John Deere 110 iliyokwisha kufungwa GX390. Tangu niilete Kisumu, mngurumo hupanda na kushuka wenyewe, nayo hupata joto kupita kiasi.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Huenda ilifungwa jeti ndogo ya nyanda za juu. Kisumu iko takriban mita 1,130, ambako hewa ni nzito zaidi, na petroli inayopita kwenye tundu hilo haitoshi. Usiifanyishe kazi nzito kabla ya kurudisha jeti ya kawaida, kwani injini inayopata petroli haba huweza kuunguza vali na pistoni. Ukikuta jeti ni ya kawaida, isafishe, maana uchafu huleta dalili zile zile.