Mzee wa Taa Anajibu: 3000 au 6500 kwa maua ya chumbani?

*Asalaam aleikum, Mzee. Nina vyungu ishirini na viwili vya krisanthemu katika chumba cha nyuma hapa Bombo, maana uani mbuzi hawaachi kitu. Nawauzia watu wa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Shida yangu ni kwamba mimea inatia matumba ikiwa bado na urefu wa shubiri moja. Kule Kikuubo, sokoni Kampala, muuzaji alinionyesha taa za LED za namna tatu: 3000K, 4000K na 6500K. Mume wangu anasema 6500 ndiyo inayofanana na jua. Jirani anasema niwashe usiku kucha. Nichukue ipi ili maua yachanue vizuri?*
*Mama wa Vyungu, Bombo*

Waaleikum salaam, binti yangu. Chukua ya 3000. Lakini ukimsikiliza jirani ukaiwasha usiku kucha, utapata majani mazuri sana na ua utalisubiri mpaka uchoke.

Ile namba inawachanganya wengi. Siku ukipita Katwe, simama umtazame fundi anapasha chuma: kwanza kinakuwa chekundu, moto ukizidi kinakuwa cha manjano, ukizidi tena kinaelekea weupe. K ni kelvini, kipimo cha moto huo. Mwanga wa mshumaa uko karibu na 1900, jua la mchana kama 5500, anga la mawingu kama 6500. Kwa hiyo mumeo hakukosea sana, ila hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya macho ya watu, na ua halina macho. Ndani ya taa nyeupe ya LED mna kijiwe kinachotoa mwanga wa bluu, kimepakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu. Taa ya 3000 ina nyekundu nyingi. Ya 6500 ina bluu nyingi. Bluu huufanya mmea uwe mfupi na mnene. Yako tayari ni mifupi, sasa bluu ya nini?

Hata hivyo rangi ni jambo dogo hapa. Krisanthemu, kama ndugu yake pareto angejua kusema angekwambia, ina tabia zake: huhesabu urefu wa giza. Usiku ukiwa mrefu inachanua, usiku ukiwa mfupi inaendelea kutoa majani. Nchi za mbali na ikweta hungoja majira yabadilike. Sisi hapa kila usiku ni karibu saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba, na kwa krisanthemu huo ni usiku mrefu wa kutosha. Ndiyo maana mimea yako inatia matumba ingali mitoto. Haina ugonjwa.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 2006 nilikuwa fundi wa umeme kwenye shamba moja la maua upande wa Entebbe. Tulikuwa na miche mama ya kukatia vipandikizi vya kupeleka Ulaya, na miche mama haitakiwi ichanue hata kidogo. Kwa hiyo tuliwasha taa katikati ya usiku, saa nne hadi saa nane, tuuvunje usiku vipande viwili. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa wa kutisha, mnaukumbuka. Jenereta ilihudumia chumba cha baridi na pampu tu. Ile saa ya kuwashia taa ilikuwa ya kuzunguka: umeme ukikatika, nayo inasimama, ukirudi, inaendelea pale ilipoachia. Mimi sikuikagua. Baada ya siku chache taa zikawa zinawaka alfajiri kuelekea mchana, na usiku wenyewe giza tupu. Kufika wiki ya tatu, msimamizi akaniita, akanionyesha kitumba kidogo kama punje ya mtama kwenye kila ncha. Hakunigombeza. Alinipa mkasi tu.

Na kwenye shamba lilelile, nyuma, palikuwa na tuta moja la maua ya kukata ambalo halikuwahi kuchanua pamoja na mengine. Juu yake ilining'inia taa ya askari.

Basi fanya hivi. Ukishapanda vipandikizi vyako, wiki tatu au nne za mwanzo washa balbu moja ya 3000 ya wati 9, itundike mita moja juu ya vyungu, kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane. Kama vyungu vimetawanyika, tundika mbili. Kazi yake ni kuvunja usiku, na nyekundu ndiyo hasa inayoweza kazi hiyo, ndiyo maana nimekwambia 3000. Kata ncha mara moja ili itoe matawi. Mimea ikifika urefu unaoutaka, acha kabisa taa ya usiku. Kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi chumba kiwe giza, na dirisha likiona taa ya jirani, tundika kitenge kizito. Hesabu kama wiki nane hadi kumi, nyingine hukawia, ndipo uwaahidi watu wa kwanjula.

Mwanga wa mchana ni habari nyingine. Mirija minne ya wati 18 juu ya meza itakula karibu uniti moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa siku, na bado haifikii kivuli cha barazani. Mimi ningenunua wavu wa kuzuia mbuzi.

(Vijana wawili wameniuliza swali hilihili kwa mmea mwingine wanaouficha ndani. Nao huhesabu giza. Lakini kuulima bila leseni ni kosa nchini kwetu, na mimi nina wajukuu wa kulea.)

*Mzee, balbu yangu ya LED nikiizima inabaki inawaka hafifu kama kimulimuli. Ni ubovu?*
*Boda wa Jinja*

Balbu ni nzima, kijana wangu. Mara nyingi swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, kwa hiyo umeme bado umefika kwenye balbu hata ukiizima. Swichi zenye kitaa kidogo ndani nazo hufanya hivyo. Mwite fundi mwenye kibali abadilishe, na mpaka aje usiishike hiyo holda ukidhani umeizima. Mama wa Bombo, nawe kaangalie yako.