Klachi imeisha: uibadilishe mwenyewe nyumbani au gereji?

Ndugu, klachi yenyewe haina ugumu, kazi ni kushusha giaboksi. Ni nzito, na kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki tu ni kuhatarisha maisha. Huna stendi imara na mtu wa kukusaidia? Peleka gereji, tafadhali.

Ukiwa navyo, badilisha pleti (sahani ya klachi), presha (kifuniko kinachoibana) na beringi ya kuiachia kwa pamoja. Inauma kushusha tena giaboksi kwa sababu ya beringi moja. Pleti ikae katikati kabisa, la sivyo shafti ya giaboksi haitaingia. Flaiwili (gurudumu zito la injini linalobeba klachi) yenye nyufa usiifungie klachi mpya.

Ila kwanza hakikisha klachi inateleza kweli, yaani injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo. Kama gia ndizo zinagoma kuingia, kagua kebo au mafuta ya klachi, huenda pleti bado nzima.