Imeota vizuri chupani, imekufa udongoni: maswali yenu kuhusu vipandikizi

Tangu mvua za Machi zianze, maswali mengi ninayopokea ni ya vipandikizi, yaani vile vipande vya shina tunavyoomba kwa jirani na kuvitia kwenye chupa ya maji dirishani. Nimechagua machache. La kwanza ndilo lililoulizwa na wengi, kwa hiyo nimelijibu kwa kirefu.

Mani planti yangu huota mizizi mirefu kwenye chupa ya jemu, mpaka inajizungusha chini. Nikiihamishia kwenye udongo, wiki haiishi kabla majani hayajalegea na kugeuka manjano. Imenitokea zaidi ya mara moja. Nakosea wapi? (Msomaji, Zimmerman)

Unachelewa kuihamisha, na nadhani pia unaimwagilia kama mmea ambao umekwisha kushika udongo.

Mizizi iliyoota majini imezoea maisha ya majini. Haikuwahi kutafuta kinywaji, hivyo vinyweleo vyake ni vichache. Ndani yake ina nafasi nyingi za hewa, kwa sababu oksijeni ndani ya maji ni haba. Itoe uiangalie: ni myeupe, minene kiasi, na ukiikunja kidogo tu inakatika. Ukiipeleka udongoni ghafla haijui kunyonya unyevu ulioshikwa na chembe za udongo, kwa hiyo mmea hulazimika kuotesha mizizi mingine huku majani yakiendelea kudai maji. Mizizi ya majini ikiwa mirefu sana, ndipo mingi zaidi inapovunjika na kuoza.

Basi usingoje ijizungushe. Hamisha ikiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5, inapoanza kutoa vijizizi pembeni. Tumia chombo kidogo. Kikopo cha mtindi kilichotobolewa chini kinatosha. Ukiiweka kwenye ndoo kubwa, udongo utabaki na maji ambayo mmea mchanga hauwezi kuyamaliza, na hapo ndipo uozo huanza.

Lowesha udongo kabla ya kupanda, mpaka ukiufinya ushikane bila kuchuruzisha maji. Toboa shimo kwa kidole, teremsha mizizi, kisha jaza udongo pembeni polepole. Usishindilie. Wengi hukandamiza kwa gumba kana kwamba wanasimamisha nguzo ya ua, na mizizi yote inakatikia humo humo. Maji kidogo ya kumwagia juu yatatosha kuuteremsha udongo.

Kwa siku 10 hadi 14 za kwanza, udongo usikauke hata juu, lakini pia usiogelee. Baada ya hapo anza kupunguza maji taratibu. Weka mmea penye mwanga pasipo jua kali, na ukiweza ufunike kwa nusu ya juu ya chupa ya maji ya kunywa, kizibo kikiwa kimetolewa, ili hewa inayouzunguka iwe na unyevu. Video za ng'ambo hutumia mfuko wa plastiki. Hapa Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na kusema kweli chupa ni bora kwa sababu hailalii majani.

Jani moja la chini likigeuka manjano, acha, ni gharama ya kuhama. Shina likilainika karibu na udongo, kata sehemu ya juu iliyo nzima uirudishe chupani.

Kuna wanaoshauri kuongeza kijiko cha udongo ndani ya chupa kila siku mpaka maji yawe tope. Siipendi njia hiyo. Tope lisilo na pa kuchuja maji halina hewa, na chupa huanza kunuka. Na kama huna haja ya udongo, usihamishe kabisa: mani planti huishi majini kwa miaka, mradi uipe mbolea ya maji iliyozimuliwa sana mara moja moja.

Jani la monstera nililopewa na rafiki limeota mizizi mingi, lakini miezi inapita bila jani jipya. Niongeze mbolea? (Kahawa West)

Hapana. Jani lako halina jicho. Kwenye monstera na mani planti, chipukizi hutoka kwenye kifundo, pale jani linaposhikana na shina. Jani na kikonyo chake peke yake vinaweza kuota mizizi na kukaa kijani muda mrefu sana, ila havitakuwa mmea kamwe. Rudi kwa rafiki yako, umwombe kipande cha shina chenye angalau kifundo kimoja.

Si kila mmea uko hivyo. Ile violeti ndogo ya zambarau, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, milima ya Usambara na vilima vya Taita, hutoa mmea mzima kutoka kwenye jani moja.

Maelekezo ya mtandaoni yanasema chupa iwekwe kwenye dirisha la kusini. Langu linatazama kaskazini. Nitafanikiwa? (Pipeline)

Ushauri huo ni wa watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kama nyuzi 1.3. Mwezi wa Juni jua linapita kaskazini mwetu, na Desemba linapita kusini. Dirisha lako litaingiza jua katikati ya mwaka na kulikosa mwishoni mwa mwaka, na la jirani wa upande wa pili kinyume chake. Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu jua la asubuhi halichemshi maji ya chupa.

Najua lakini kwamba kwenye fleti za Pipeline dirisha huenda linatazama ukuta wa ploti nyingine, na hapo habari ya kaskazini na kusini haina maana. Taa nyeupe ya kawaida ya LED, ikiwekwa sentimita 20 au 30 juu ya chupa kwa saa 12 kwa siku, inatosha kwa mani planti.

Kinachochelewesha zaidi hapa mjini ni baridi. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa baridi kiasi kwamba mizizi iliyotoka ndani ya wiki mbili mwezi wa Machi itachukua muda mrefu zaidi. Weka chupa juu ya friji, au kwenye kona ya jikoni iliyo mbali na moto. Usiitupe kwa sababu tu haijaota.

Kwetu tunatumia maji ya kisima cha kuchimba. Mmea-buibui na drasena zangu zina ncha za kahawia. Je, nichemshe maji kwanza? (Lang'ata)

Kuchemsha kutazidisha tatizo. Visima vingi vya Nairobi vina madini mengi ya floraidi, yale yale yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na mimea hiyo miwili haiyavumilii. (Nasema mmea-buibui wa mapambo, si saga ya kupika, ambayo kwa Kiingereza nayo huitwa spider plant.) Maji yakichemka, mvuke huondoka na floraidi inabaki, ikiwa nzito zaidi.

Kinga maji ya mvua kwenye mabati wakati huu yapo. Mvua ya kwanza iache ioshe paa kwanza. La sivyo tumia maji ya mfereji wa jiji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Ukihofia klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha. Mani planti na mnanaa hazina maringo hayo, zipe maji uliyo nayo.

Mwenye nyumba analalamika kwamba chupa zangu zinaleta mbu. (Kasarani)

Ana haki. Mbu wa aina ya Aedes hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivyo, na hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Badilisha maji kila baada ya siku 4 au 5, na kila mara sugua chupa kwa ndani kwa kitambaa, maana kumwaga pekee huyaacha mayai pale pale. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba kuzunguka shina. Maji utakayomwaga, mwagia sukuma wiki.

Asali, asprini, mdalasini: kipi kinaharakisha mizizi kwenye maji? (Umoja)

Hakuna ninachokipendekeza. Asali ndiyo mbaya zaidi, italisha bakteria na maji yataoza. Unga wa homoni unaouzwa agroveti ni wa vipande vya miti vinavyopandwa udongoni. Ukiutia kwenye chupa unasambaa tu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kibaraza kidogo. Nataka vitu vya kupika na maua machache, bila kununua mbegu. Nianze na nini? (Buruburu)

Mwalimu, anza sokoni. Mnanaa wa mama mboga ukiwa haujanyauka huota mizizi upesi kuliko karibu kila kitu. Kata chini ya kifundo, ondoa majani yote yatakayozama, maana jani likilala majini ndilo huozesha chupa nzima. Mrehani hivyo hivyo, ila kata tawi ambalo halijatoa maua. Nderema ndiyo ningekushauri uipe nafasi kubwa: kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu huota mizizi bila kubembelezwa, na ukikipa kamba kitapanda ukutani na kukupa mboga kwa muda mrefu. Mchaichai pia, ukipata shina lenye kitako chake.

Rosmari inawezekana, lakini ni ya kusubiri. Chukua ncha laini ya kijani, si sehemu iliyokwisha kuwa mti.

Waridi na bogenvilia usizitie majini. Mara nyingi huoza. Kata vipande vyenye unene wa penseli, uvichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwingi sasa hivi mvua ikinyesha. Kichipukizi cha alovera na kipande cha dungusi kata, acha jeraha likauke kwa siku kadhaa kivulini, halafu panda kwenye mchanga mkavu.

Udongo wa kwetu ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Unafaa kwa miche iliyotoka majini? (Utawala)

Ardhini, kwa miti, unaweza kufaa. Kwenye kikopo, hapana: ukilowa hauna hewa, na ukikauka unabana na kukata mizizi ile laini. Omba gunia la udongo mwekundu kwa yeyote anayekuja kutoka upande wa Kiambu, au nunua kwa wauza miche wa kando ya barabara. Changanya nusu kwa nusu na mchanga mkubwa wa mto au pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano), kisha ongeza konzi moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaiunguza mizizi.

Nimekata jani la sansevieria yenye kingo za manjano nikalitia majini. Vichipukizi vimetoka kijani kitupu. Nilibadilishiwa mmea? (South B)

Hukubadilishiwa. Rangi ile ya kingo haipiti kwenye kipande cha jani. Ukitaka manjano, gawanya mmea mama kwenye shina na uchukue kichipukizi chenye mizizi yake.

Kokwa la parachichi langu limeota vizuri kwenye glasi. Litazaa lini? (Ruai)

Kama litazaa, ni baada ya miaka mingi, na tunda huenda lisifanane na lile ulilokula. Lifurahie kama ua la mezani. Kama una uwanja na unataka kula, nunua mche wa parachichi aina ya Hass uliounganishwa, yaani kikonyo cha Hass kilichopachikwa kwenye shina la mche mwingine. Huo kwa kawaida huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Kabla ya kulipa, tafuta lile kovu la kuunganishia kwenye shina karibu na udongo. Usipoliona, mwulize muuzaji akuonyeshe.