Glaida ya kwanza inapinda, ya pili inapita: maswali yenu kuhusu saketi za Life

SWALI: Mambo vipi Fundi. Nacheza na Life ya Conway, ule mchezo wa seli kwenye miraba zinazoishi na kufa kwa sheria, kwenye programu ya Golly. Nimeweka ile bunduki ya Gosper, mpangilio wa seli unaotema glaida (vikundi vidogo vya seli vinavyotembea), inatema bila shida, sasa nataka nizipindishe kona. Nimeweka kidude kimoja tulivu (kisichobadilika chenyewe) njiani, glaida ya kwanza inapinda safi kabisa ila ya pili inapita moja kwa moja kama hakuna kitu. Nakosea wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Poa ndugu yangu. Hujakosea sana, kidude chako kimekufa tu. Rudisha nyuma uangalie kizazi kwa kizazi, yaani hatua moja moja ya mchezo, utaona, glaida inagonga, vinavurugana pale kidogo, glaida mpya inatoka upande wa pili lakini kidude ndo kimeliwa kwenye huo mvurugano. Vidude vya kugeuza mara moja vipo kibao na vina kazi zake, ila hicho sio riflekta. Riflekta lazima ipindishe glaida halafu ijijenge upya kama ilivyokuwa, na hapo kwenye kujijenga ndo watu wametoa jasho miaka na miaka.

Kwa wageni: sheria za John Conway zilizotangazwa 1970 ni fupi tu, seli hai yenye majirani hai 2 au 3 inaendelea kuishi, seli mfu yenye majirani hai 3 kamili inazaliwa, zingine zote kwaheri. Glaida ni seli 5 zinazotembea kimshazari, hatua moja kila vizazi 4. Glaida ikiwepo kwenye nafasi yake isome 1, isipokuwepo isome 0, basi una ishara, na ukiwa na ishara unataka waya, kona na geti (sehemu inayopokea ishara na kutoa jibu lake).

Sasa kwa kuwa bunduki ya Gosper inatema kila vizazi 30, njia ya zamani ni kutumia riflekta inayopigapiga yenyewe kwa mdundo huohuo wa 30, inaitwa buckaroo. Inafanya kazi vizuri tu, ila glaida ikifika nje ya mdundo imekula kwako, saketi nzima inageuka takataka. Ndo maana watu walitaka riflekta tulivu, inayokaa kimya hata mwaka mzima ikisubiri glaida ije saa yoyote. Paul Callahan akaipata ya kwanza 1996, ila baada ya glaida moja ilibidi usubiri vizazi 4840 ndo utume nyingine, hebu fikiria! Dave Greene akashusha mpaka 202 mwaka 2001, Adam P. Goucher akafika 106 mwaka 2009, halafu Aprili 2013 Mike Playle akaja na Snark, vizazi 43, na ni ndogo kiasi kwamba unaikopi na kuibandika popote.

Ila uwe makini, 43 ni zaidi ya 30! Mkondo wa Gosper ukiuelekeza kwenye Snark hivihivi, glaida ya pili inafika riflekta haijamaliza kujijenga na inavunjika. Ama ubaki na buckaroo, ama upunguze mkondo kwanza uwe wa 60. Na kidude chochote usichokijua kipime hivi: tuma glaida mbili zilizoachana mbali, halafu zisogeze karibu kidogo kidogo mpaka kivunjike, utajua kinahitaji kupumzika vizazi vingapi.

SWALI: Ishara zangu mbili zinafika kwenye geti kwa nyakati tofauti. Nacheleweshaje moja? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Irefushie njia. Tumia Snark mbili, mkondo uende pembeni halafu urudi. Ukizisukuma zote mbili nje hatua moja ya mshazari, glaida inapata vizazi 4 vya kwenda na 4 vya kurudi, jumla 8. Maana yake kwa njia hii unarekebisha kwa nane nane tu, ukikuta umebakiza 3 au 5 usipoteze usiku kusukumasukuma, badilisha kipande kingine cha saketi. Mimi naonaga kazi yenyewe ya saketi za Life ndo hiyo, kuchora geti ni dakika chache, kulinganisha muda ndo kunakula wikiendi.

SWALI: Geti la SIYO linatengenezwaje, na glaida zisizotakiwa zinaenda wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Geti lenyewe rahisi. Mkondo wako wa ishara ukatize mkondo uliojaa wa bunduki nyingine kwa pembe mraba. Penye glaida ya ishara zinagongana zinafutana zote mbili, pasipo na glaida ile ya bunduki inapita, kwa hiyo 1 imekuwa 0 na 0 imekuwa 1. Wakati wa kugongana ukikosea hata kizazi kimoja unaweza kubaki na mabaki katikati ya njia, na glaida inayofuata inayavaa. Glaida usizozitaka mwisho wa njia ziba na mlaji, seli 7 tu, chora hivi (X ni seli hai):

XX..
X.X.
..X.
..XX

Anameza glaida na kurudi kama alivyokuwa. Ila mweke kwenye mstari sahihi na umgeuze upande unaotakiwa, maana glaida ikimgonga vibaya hata yeye anaondoka.