Madoa ya maji juu ya koti ya seramiki

SWALI: Gari langu jeusi lina koti ya seramiki (tabaka la kinga linalopakwa juu ya rangi ya gari), miezi 3 sasa. Nalioshea maji ya kisima hapa Dodoma, na boneti imejaa viduara vyeupe visivyotoka kwa sabuni. Nimeuziwa koti feki?

JIBU: Huenda koti ni nzima kabisa. Inafanya maji yasimame matone matone. Tone likikaukia juani, chokaa na magnesiamu ya maji ya kisima hubaki hapo kama kiduara. Koti haizuii hilo, hata muuzaji aseme nini.

Egesha kivulini, bati lipoe. Changanya siki nyeupe na maji safi, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa dakika 1 au 2, futa bila kukandamiza, kisha suuza vizuri. Usisugue pakavu: rangi nyeusi haifichi mikwaruzo.

Doa likibaki kama kishimo, limeshakula koti. Hapo ni kupiga polishi, nayo huondoa koti sehemu hiyo, kwa hiyo itapakwa upya.

Kuanzia sasa osha alfajiri, sehemu moja moja, na ukaushe kwa taulo papo hapo.